Goti la Kushoto

Kwenye makaratasi nilikuwa karani wa masjala. Ndivyo nilivyoajiriwa na taasisi moja ya serikali Dar es Salaam, na mshahara wa karani ndio nilioupokea kila mwisho wa mwezi, lakini hiyo masjala yenyewe sikujua hata mlango wake unasukumwa au unavutwa. Mimi nilikuwa senta. Kwa wasioujua mpira wa kikapu, senta ni yule mrefu kuliko wote anayekaa chini ya goli, anasukumana, anapigwa viwiko, anarukia kila mpira uliokosa wavu. Timu nzima tulikuwa hivyo hivyo. Mwenzangu mmoja aliandikwa mpishi, na chai tu ilikuwa inamshinda. Gadi wetu, yule anayeongoza mpira, aliandikwa dereva na hakuwahi kushika usukani. Tulilipwa ili tucheze, kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Mpaka leo mtu akiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani Dar, nababaika.

Kocha wetu alikuwa mzee wa maneno machache na filimbi nyingi. Kitu alichotusisitizia kuliko pasi na mbio ni kwamba mchezaji haonyeshi panapomuuma. Mpinzani akishajua goti lako bovu, mechi nzima atakuja na goti hilo hilo. Kwa hiyo tulifanya mazoezi, mazoezi kabisa, tumejipanga mstari: ukigongwa goti, shika bega. Kunja uso, lisugue bega, zunguka kidogo, waache wakahangaike na bega ambalo ni zima. Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Baadaye likaingia damuni. Hata nikijigonga kidole cha mguu jikoni, mkono unakwenda begani wenyewe.

Kisha nikapata msimu mmoja Maputo. Kule hapakuwa na habari za ukarani. Niliandikwa mchezaji, nikalipwa kama mchezaji, nikapewa chumba na wasichana wasiojua neno la Kiswahili, tukawa tunaelewana kwa vidole na vicheko. Nilijiona nimefika. Kabla msimu haujaisha nilirukia mpira, nikatua juu ya kiatu cha mtu, na goti langu la kushoto likageukia upande ambao magoti hayageukii. Nikalala pale sakafuni, machozi yananitoka, nimeshika bega. Jamani! Daktari wa timu akaanza kunipima bega.

Nilipasuliwa, nikarudishwa nyumbani, nikakunja na kukunjua mguu kwenye sakafu ya mazoezi mpaka nikaichukia. Mwishoni daktari wa Dar aliniambia wazi kwamba goti litakunjika kiasi cha kukaa kwenye kiti, chini ya hapo basi. Kuchuchumaa nisahau, kupiga goti nisahau. Nikamwambia sawa. Nikatoka nimenyooka kama sina lolote, maana nje walikuwa wamekaa wenzangu wa timu. Nao viongozi wakasema, "Pumzika kwanza, dada, tutakuita." Nikaripoti masjala, hatimaye nikaujua mlango, na mama mmoja aliyekuwa amefukiwa na mafaili akainua macho akauliza, "Wewe nani?"

Mume wangu nilimpata kipindi hicho. Alikuwa afisa mifugo, amekuja Dar kwenye kozi, Muha wa Kagerankanda huko wilaya ya Kasulu, na kichwa chake kinaishia begani kwangu. Watu wakitucheka, yeye anacheka zaidi yao. Tulifunga ndoa bomani kwa sababu mimi ni Mwislamu wa Temeke na yeye ni Mkristo, tukaona bora mkuu wa wilaya atuunganishe kuliko kugombanisha wazee. Mwaka 2012 akapangiwa Kibondo. Shangazi yangu alishika kiuno: "Kigoma si ndiyo mwisho wa reli? Sasa Kibondo ni wapi?" Nikamwambia, reli ikiisha unapanda basi. Niliacha kazi, kama ile ilikuwa kazi. Ila simu yangu niliibeba na chaja ya akiba, maana walisema wataniita.

Ndiyo maana goti sikulisema. Mume wangu alijua lilipasuliwa, nikamwambia limepona, na kwa kutembea lilikuwa limepona kweli. Nilijua maneno yanavyosafiri. Leo useme Kibondo kwamba goti halikunjiki, kesho kocha anaambiwa Dar, na hiyo simu ndiyo hailii tena. Basi nikawa nafua nimekaa kwenye kigoda kirefu, napika kwenye meza, na mume wangu akaona ndivyo watu wa Dar tulivyo.

Kabla ya kwenda Kibondo tulipita Kagerankanda, kwa mama yake. Mama mkwe alikuwa mjane, mkulima wa maharage na ndizi, mwembamba, mkavu, mwenye macho yanayokuangalia mpaka unajishika kanga uone kama imefunguka. Njiani mume wangu alinifundisha kusema "mwakeye", salamu yao ya asubuhi, nikaisema na miti yote ya barabarani. Tulipofika, wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alitangulia. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akapiga makofi ya taratibu, akasalimia. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Nifanye nini? Niliinama kutoka kiunoni mpaka mgongo ukalala kama meza, nikapiga makofi, nikasema mwakeye yangu. Mama mkwe alingoja. Nikarudia, nikidhani sijasikika. Akaitikia kwa sauti ndogo, akaingia ndani. Nikajisemea, haya basi, imepita.

Haikupita. Choo chao kilikuwa cha shimo, na mtu asiyeweza kuchuchumaa, we acha tu. Nilinyoosha mguu mmoja mbele, mkono mmoja ukutani, mwingine mlangoni, na mlango wenyewe ni wa bati. Goti likanichoma, nikapiga yowe dogo. Nilipotoka mama mkwe alikuwa amesimama uani ananitazama, na mkono wangu, Mungu wangu, ulikuwa begani, unasugua.

Tulishahamia Kibondo mama mkwe alipotuma kifurushi kwa basi. Ndani mlikuwa na majani yaliyosagwa, yamechanganywa na mawese, yamefungwa kwenye jani la mgomba. Mume wangu alikuwa amempigia wifi simu kuuliza ni nini. "Mama anasema ni dawa ya bega lako," akaniambia. "Bega lina nini?" Nikamwambia halina kitu. Tukaangaliana. Nilijipaka, maana sikutaka kuonekana sina shukrani, na bega langu zima likanuka mawese wiki nzima. Kilichonichanganya ni kwamba mtu ambaye hakutaka hata kukaa chumba kimoja na mimi amekaa akanisagia dawa. Ananipenda au hanipendi? Sikuelewa kabisa.

Kibondo ilikuwa baridi. Asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni ua wa jirani, na mimi mtoto wa Temeke nalala na soksi. Watoto wa mtaa waliniita Mnara, kama mnara wa simu, na kinyozi wa pale sokoni kila nikipita anauliza, "Dada, huko juu mvua imeshaanza?" Nilimjibu, "Imeanza, chukua mwavuli." Nilizoea. Jirani yangu alikuwa mwalimu kutoka Moshi, na huyo ndiye aliyenipoteza kabisa, ingawa hana kosa. Hakumpigia goti mtu yeyote. Alisalimia "shikamoo" amesimama, amebeba daftari zake, na vikongwe wote wa mtaa walimpenda wakamletea parachichi. Nikasema kumbe hili la goti si kitu. Kwa hiyo ubaridi wa mama mkwe una sababu nyingine, na nikaanza kuitafuta.

Nilitafuta kila mahali. Nilidhani ni urefu. Nikadhani ni suruali, nikaacha suruali. Nikadhani ni dini, nikawa namsindikiza mume wangu mpaka mlango wa kanisa, namngoja nje na mwavuli. Nikadhani ni jembe, maana jembe la mkono ukiwa wima kama mimi unalima hewa. Kila nikienda Kagerankanda nilikuwa na jambo jipya la kurekebisha, na kila safari mama mkwe ananisubiri pale mlangoni, mimi nainama kiunoni, anangoja, anaingia ndani. Nilimuuliza mume wangu. "Mama ndivyo alivyo," alisema. Wanaume bwana! Mama yake amemlea tangu hajui kutembea, na hilo ndilo jibu alilokuwa nalo.

Mwaka 2013 nikajifungua binti, pale pale Kibondo. Mrefu, miguu imetoka nje ya kanga, wakunga wakacheka. Walipouliza jina, mume wangu akasema jina bado. Kwenye nyumba yao mtoto wa kwanza wa mtoto wa kiume jina lake linatoka kwa bibi. Baba hataji, mama hataji, wala bibi hakumbushwi. Bibi anamshika mtoto, analitamka, na hapo ndipo mtoto anapokuwa wa ukoo. Nikasema hakuna neno, nitangoja. Kwa muda huo tukamwita Bebi, kama wanavyoitwa watoto wote wachanga Tanzania nzima.

Alipokuwa na shingo ya kujishikilia tukampeleka. Nilivaa gauni refu, nikajifunga kanga mbili, moyo unanidunda kuliko ulivyodunda kabla ya mechi yoyote. Mama mkwe alimpokea. Lo, uso ule ulivyobadilika! Alimnusa kichwani, akamgeuza akaangalia miguu, akacheka kwa sauti, mara ya kwanza namsikia akicheka. Kisha akanyoosha mikono, mtoto yuko juu ya viganja vyake, akaniangalia. Mimi nikiwa nimesimama mbele yake nikamwangalia. Nikatabasamu. Akaendelea kuniangalia. Wifi akakohoa. Nilidhani anasubiri niseme kitu, nikasema, "Asante, mama." Uso ukafunga. Akanirudishia mtoto mikononi, akatoka kwenda kuangalia mbuzi.

Tulipofika nyumbani nikalipuka. "Mwanangu ana kosa gani? Mimi sawa, mimi ni mrefu, mimi ni wa Pwani, mimi ni wa bomani. Huyu ana kosa gani?" Mume wangu alikaa na kofia yake mapajani. Alisema labda mama anangoja ubatizo. Nikamwambia kama ni ubatizo aseme, nitambatiza hata leo kwenye beseni. Akasema labda anangoja meno. Alikuwa anabahatisha kama mimi, na kumuuliza mama yake moja kwa moja hakuweza, maana jina la mtoto haliombwi. Nililia mpaka mtoto naye akaanza.

Mwaka 2014 mume wangu akahamishiwa Kasulu mjini. Sasa umbali haukuwa kisingizio tena. Wifi akaja kukaa na sisi, akanisaidia na mtoto, msichana mchangamfu, anacheka mpaka anashika mbavu. Siku moja aliniambia, "Wifi, ukienda kwa mama, si umsalimie vizuri." Nikamuuliza vizuri vipi. Akaona aibu, akaangalia chini, akasema basi tu, vizuri. Alidhani najua. Aliniona kila siku natembea, napanda ngazi, nakimbiza kuku, atajuaje? Mimi nikaongeza urefu wa salamu. Nikauliza habari za nyumbani, za mbuzi, za mvua, za maharage, za jirani, mpaka mama mkwe mwenyewe akachoka kujibu. Tena akamshika mtoto, tena akanyoosha mikono akaniangalia, tena akanirudishia. Bebi sasa alikuwa anatembea.

Hofu yangu niiseme ilivyokuwa. Nilikuwa naona mwanangu atakua bila jina. Mchezaji bila jezi. Jina la kwangu ningeweza kumpa, nilikuwa nayo mengi mazuri ya Temeke, lakini kumpa ni kumtoa kwao, na kwao ndiko anakoishi. Nilikuwa namwangalia akichezea mchanga, namwita Bebi, anakuja mbio na miguu yake mirefu, na nasikia uchungu. Simu ya Dar haikuwahi kulia. Wakati huo nilikuwa nimeacha kuiangalia, na sijui niliacha lini.

Mwaka 2015 watu walianza kuvuka kutoka Burundi. Kambi ya Nyarugusu ilikuwa tayari imejaa Wakongo wa miaka yote, sasa ikafurika, mahema yakasimama hata kwenye njia. Shirika moja likawa linatafuta mtu wa kushughulika na michezo ya wasichana, na kuna aliyekumbuka kwamba mke wa afisa mifugo alikuwa mchezaji. Sikuamini. Nikapewa fulana, kofia na filimbi. Asubuhi gari la wafanyakazi linanichukua Kasulu, jioni linanirudisha. Kiwanja chetu kilikuwa udongo mwekundu, nguzo mbili za miti na ringi walizochomelea mafundi wa kambini, na wasichana wale walikuwa wanacheza, usiombe! Wakongo na Warundi mpira wa kikapu wanaujua kuliko tulivyoujua sisi. Waliniita Maman. "Maman, balo iko fasi gani?" wananiuliza mpira uko wapi kabla sijashuka garini. Ilisemwa kambi ya Nduta kule Kibondo itafunguliwa upya, na wengine watahamishiwa huko, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa sijui nani nitamkuta na nani hayupo. Hata hivyo pale ndipo nilipopumua. Watu wote tulikuwa hatujui tutakuwa wapi kesho, nikajiona niko na wenzangu.

Siku moja ya soko, wanakijiji wameleta ndizi na maharage yao kambini kama kawaida, watu wamezunguka kiwanja wanaangalia. Nilikuwa nawafokea wasichana kuhusu kuruka. Wanaruka wamechelewa, mpira umeshaanguka. Mmoja wao, Mkongo mwenye mdomo, akasimama mikono kiunoni akasema, "Maman, na we ulichezaka kweli?" Wote wakacheka. Mimi nina hasira za karibu, sijaficha. Nikatupa filimbi pembeni, nikamwambia arushe mpira kwenye ringi. Akarusha, ukagonga, nikaruka. Niliuchukua juu kabisa, kwa mikono miwili, nasikia watu wanasema "eee!" na kwa kitambo kidogo nilikuwa senta tena. Kisha nikatua.

Nilianguka kama gunia. Goti liliwaka moto mpaka masikio yakaziba. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kwenye udongo, wasichana wamenizunguka, na mkono wangu wa kulia umeshika bega la kushoto, unasugua. Wakaanza kunivuta bega. Ndipo sauti ikasema kwa Kiswahili kizito cha Kiha, "Acheni bega."

Alikuwa mama mkwe. Kumbe alileta ndizi sokoni, akapita, akaona mkwewe amevaa kofia anapuliza filimbi, akasimama kuangalia na wengine. Alitua ungo wake wa ndizi. Akapiga magoti kwenye lile vumbi, akautoa mkono wangu begani kama anavyotoa mtu jani nguoni, akasema, "Nimekuona ulivyoanguka. Hukuanguka na bega."

Akanishika kifundo cha mguu kwa mkono mmoja, na nyuma ya goti kwa mkono mwingine, akaanza kulikunja taratibu. Likaenda, likaenda, lilipofika pale linapofikia siku zote likagoma. Akangoja, akajaribu tena, likagoma. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia goti, na vidole vyake vikapita kwenye kovu refu la upasuaji, lililong'aa, halina hata unyoya.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijaolewa, mama."

"Na mume wako anajua?"

"Anajua lilipasuliwa. Kwamba halikunjiki, sijui kama anajua."

"Mawe!" akasema, ndivyo Waha wanavyomwita mama wakishtuka. Kisha akaongea Kiha kirefu, kwa hasira, wala si kwangu, kwa wale wanawake waliosimama, kwa ndizi, kwa mbingu. Niliambulia neno moja tu, umwana, mtoto. Alipomaliza alirudi kwenye Kiswahili chake cha sokoni, analitafuta kila neno. "Mimi namshika mtoto, nanyoosha mikono. Mama yake anapiga goti, anapokea, ndiyo nasema jina. Jina linapita hapo. Nilingoja. Wewe ukasimama. Nikangoja tena. Ukasimama, ukacheka na meno yako."

"Sikujua, mama. Mwalimu jirani yangu Kibondo alikuwa hapigi goti, na wazee wote..."

"Mwalimu ni mgeni. Mgeni nani anamdai goti? Wewe ni mgeni wangu?"

Nikasema siyo.

"Nilijua unaumwa bega. Nikakusagia dawa. Nikasema, mgonjwa wa bega, magoti si anayo? Basi amenikataa." Akajipangusa uso kwa upande wa kanga. "Kwa nini hukusema?"

Nilitaka kumweleza. Nianzie wapi? Nimweleze kocha, nimweleze filimbi, na kwamba kulikuwa na watu Dar waliolipwa mshahara wa karani na wa dereva wakajifunza kuficha panapouma, na kwamba jambo hilo lilikuwa ujuzi, tulisifiwa kwalo? Nilimwangalia mama mzima amepiga magoti mbele yangu kwenye vumbi, magoti yake mawili mazuri, na nilichoweza kusema ni, "Sijui, mama." Na ndiyo kweli, sijui. Nililia pale mbele ya wasichana wangu wote, na goti halikuwa na sehemu kubwa kwenye kilio kile.

Walinifunga bandeji zahanati ya kambi. Jioni gari la shirika liliponichukua, mama mkwe alipanda pia, hakumwomba mtu, akaweka ungo wake wa ndizi mapajani na dereva hakuthubutu kumshusha. Njia nzima mimi nimenyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma. Makere tulipita, vumbi linaingia. Nikajipa moyo nikauliza kile ambacho haulizwi mtu.

"Mama, jina la mtoto... litapatikana?"

Alinigeukia kama nimesema upuuzi. "Jina analo. Tangu siku ile mliyomleta, shingo ndiyo kwanza imekaza. Kila nikisali namtaja kwa jina hilo. Jirani zangu wote wanamjua kwa jina hilo. Ni wewe na baba yake tu hamjaambiwa, kabla ya goti halitamkwi mbele yenu."

Niligeuza uso dirishani. Nilifurahi, nikakasirika, nikaona aibu, vyote kwa pamoja, sikujua nianze na kipi. Miaka yote ile nikimwita Bebi na kuumia, kumbe huko Kagerankanda, upande wa pili wa msitu, mtu anamwita jina lake kila siku kabla ya kulala.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Wifi alikuwa barazani anachambua maharage. Alipomwona mama yake anashuka kwenye gari na mimi namwegemea, ungo wa maharage ulimponyoka. Mama mkwe hakungoja salamu ya mtu. Alinivutia kiti, akanikalisha, akainyoosha mikono yangu mbele yangu mwenyewe, viganja juu. "Pokea hapo hapo kitini," akasema. "Goti lako nimelishika, nalijua."

Mwanangu alikuwa mwisho wa ua, ametupa mgongo, anajaza mchanga kwenye kifuniko cha sufuria na kuumwaga. Mama mkwe alisogea hatua chache, akajitengeneza kanga, akavuta pumzi. Akaliita lile jina. Aliliita kwa sauti ya mtu aliyelizoea, kama anavyomwita mtu aliyemlea, na lilikuwa jina zuri sana, niliposikia mwili ulinisisimka. Mikono yangu ilikuwa wazi, inangoja.

Mtoto hakugeuka. Aliendelea kumwaga mchanga.

Akaliita tena, kwa sauti zaidi. Kuku ndiye aliyegeuka. Wifi alifunika mdomo. Mara ya tatu mama mkwe alitembea mpaka pale, akainama, akamgusa bega, akalisema jina karibu na sikio lake. Mtoto aliinua uso, akamwangalia bibi yake, akanitafuta mimi kwa macho kule kwenye kiti, akatikisa kichwa.

"Mimi Bebi," akasema.

Mama mkwe alinigeukia. Nami mikono bado nimeinyoosha, sikujua niishushe au niiache, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua ni nani kati yetu amweleze mtoto kwamba hilo ndilo jina lake.